Mume wa Aya ya Saba

"'Kumchukia sana' haitoshi," nilimwambia Mzee Nukta. "Hata mtoto anachukia sana uji. Huyu mtu hakusema hivyo."

"Kamusi ndivyo inavyosema."

"Kamusi ipi?"

"Ile ya kabatini. Si wewe."

Akacheka peke yake. Pale ofisini mimi naitwa Kamusi, jina nililokuja nalo kutoka nyumbani, alinipa mume wangu zamani tulipokuwa tukitaniana. Yeye ni Mzee Nukta, mwalimu mstaafu, na sentensi ikimpita bila nukta anakosa raha siku nzima. Tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Meza tatu, feni inayozunguka ikijisikia, na nyuma ya kioo yumo bosi wetu, Madam Mihuri, maana bila mkono wake hakuna karatasi inayotoka na muhuri. Kazi yetu ni kutafsiri. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kifo, hukumu, viapo. Miaka kumi na miwili nimetafsiri maisha ya watu, na nikifika kwangu jioni sina neno hata moja lililobaki.

Siku hiyo neno la Kiingereza lilikuwa limenikalia mezani tangu asubuhi. "Loathe." Lilikuwa ndani ya maombi ya talaka, aya ya saba. Mwombaji, ambaye ni mume, anasema kwamba kadiri siku zilivyokwenda amefikia hali hiyo kwa mkewe, yaani mjibu maombi, kiasi kwamba hata mlio wa ndala zake koridoni hawezi kuuvumilia.

"Tuanze upya," Mzee Nukta akasema, akivuta kiti. "Kuna kuchukia. Mtu unaweza kumchukia na bado ukala naye meza moja. Chuki ya moyoni hiyo."

"Na hii?"

"Hii imeshuka tumboni. Mtu wa neno hili anasukuma sahani anaondoka. Hutumii kwa jirani aliyekupigia kelele. Unatumia kwa kitu ambacho mwili wenyewe umekikataa."

"Basi ni kinyaa."

"Kinyaa ni cha uchafu, bibi."

"Ndiyo maana yake, mzee. Anamwona hivyo."

Akafikiri, akakuna kidevu. Mwisho akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika: *Mwombaji amefikia kumwonea kinyaa mjibu maombi.* Nikaisoma mara mbili. Nilijisikia vizuri, nisiwadanganye. Neno gumu likikaa mahali pake mfasiri anapata raha ambayo watu wengine wanaipata kwa kuvua viatu.

"Mwanamke wa watu kafanya nini mpaka kufika huku?" Mzee Nukta akauliza.

"Aya ya tano. Anamrekebisha maneno mumewe mbele ya wageni."

"Loo! Kuna wanawake!"

"Kuna wanawake kweli," nikasema.

Najua ninyi mnaosoma mmeshanishtukia. Mimi sikushtuka. Majina tulikuwa hatuyaoni. Tangu siku ile mfasiri mmoja alipopeleka talaka ya watu saluni, ofisi za mawakili zinafuta majina na sahihi kwa wino mweupe kabla ya kutuletea, na sisi tunamjua mwombaji na mjibu maombi tu. Tena karatasi zilikuwa zimekuja mbili. Ya tatu mchapaji wa wakili alisema ataileta kesho.

*

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa jikoni, kwenye kigoda, amefungua kifaa cha friji mapajani. Watu wanamwita Fundi Barafu. Ana karakana ya friji mtaa wa pili, na kazi isiyoisha huja nayo.

"Umerudi."

"Nimerudi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, miaka miwili sasa. Kabla ya hapo tulikuwa na mengi ya kusema. Mama yake alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba yetu, miaka minne, na kila siku ilikuwa amekula, hajala, amegeuzwa saa ngapi, shuka ziko wapi, dawa ya kikohozi imekwisha. Alipofariki tukazika, wageni wakaondoka, binti yetu akarudi chuoni, na sisi tukabaki tumekaa kila mtu na kiti chake. Hatukugombana. Hata ugomvi unataka nguvu.

Nikavaa ndala zangu, nikapita koridoni mpaka chumba cha mkono wa kushoto, cha marehemu, nikakaa humo kidogo kama nilivyozoea. Nilipotoka nikamimina chai, nikakumbuka kwamba bado sikuwa na uhakika na neno langu.

"Nipe neno," nikamwambia.

"Lipi tena?"

"La mtu aliyemchukia mkewe mpaka mwili unakataa."

Bisibisi ikasimama.

"Mbona unaniuliza mimi?"

"Wewe unashinda na watu. Mimi nashinda na makaratasi. Ni kazi ya ofisini, kuna mtu ameandika hivyo kuhusu mkewe."

"Ameandika mwenyewe?"

"Kwa Kiingereza."

Akashusha pumzi ndefu, akarudi kwenye skrubu yake. Wakati ule sikujiuliza ile pumzi ilikuwa ya nini.

"Labda huyo mtu ashachoka tu," akasema.

"Ameshachoka," nikasema mimi.

Akaniangalia. Si kwa hasira. Kama mtu anayeangalia kama mvua imekatika.

"Ameshachoka," akarudia.

"Lakini kuchoka kuna neno lake. Hili si kuchoka. Hili ni jingine kabisa."

"Na mkewe? Yeye hajachoka?"

"Sijui. Karatasi ni ya mume."

"Ungekuwa wewe ndiye huyo mke, ungefanyaje?"

"Ningefungasha kabla karatasi haijafika mlangoni. Mtu akishanionea kinyaa, nabaki nikifanya nini?"

"Kinyaa?"

"Ndilo nililoandika."

"Ni neno baya hilo."

"Mimi sikulisema. Amelisema mwenyewe."

Akafunga kifaa chake kwenye kitambaa, akanawa mikono, akaenda kukaa barazani. Chai yake iliganda utando juu. Nikaimwaga, nikaosha kikombe.

*

Kesho yake karatasi ya tatu ikaja. Nilikuwa nimeamka nimechoka, hali yangu ya kila siku, na nikaanza kuitafsiri bila kuisoma kwanza. Ni kosa la watu tuliokaa kazini muda mrefu. Macho yanakwenda kwenye Kiingereza, vidole vinakwenda kwenye Kiswahili, mwenyewe uko mbali.

*Tisa. Kwamba ndani ya nyumba ya wanandoa kuna kitanda cha wagonjwa chenye mkono wa kuzungushia, kilichokuwa cha marehemu mama wa mwombaji, aliyeuguzwa humo kwa miaka minne. Kwamba miaka miwili imepita tangu kifo chake, na mjibu maombi amekataa kitanda hicho kisiondolewe, kwa nia ya kumsimanga mwombaji kila siku kwa huduma aliyompa mama yake.*

Vidole vilikuwa vimeshafika "kumsimanga" ndipo macho yakarudi juu, kwenye mkono wa kuzungushia. Ule mkono nilikuwa naujua. Una kutu kwenye kiungo, na ukiuzungusha mara ya nne unakwama, lazima uupige kwa kiganja.

Nikarudi karatasi ya kwanza. Anamrekebisha maneno mbele ya wageni. Nikaenda ya pili. Ndala koridoni. Chini ya meza nilikuwa nimevaa viatu, lakini niliiangalia miguu yangu.

"Tayari?" Mzee Nukta akauliza. "Tusomeane, Madam anataka kugonga muhuri kabla ya saa sita."

Kwetu hakuna tafsiri inayogongwa muhuri kabla haijasomwa kwa sauti. Mmoja anashika Kiingereza, mwingine anasoma Kiswahili chake, neno kwa neno. Utaratibu mzuri, nimewahi hata kuusifia kwa wageni. Ningeweza kusema tumbo linauma. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilitaka kusikia.

Nikasoma. Aya ya kwanza, ya pili, tarehe ya ndoa. Tarehe ilikuwa ile ile yetu, na mimi jana nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu bila kushtuka. Hebu fikiria. Nikasoma ya tano, ya sita. Nikasoma ya saba.

"Umeruka neno," Mzee Nukta akasema, kidole kwenye karatasi.

"Wapi?"

"Pale pale. 'Amefikia kumwonea...' halafu umemeza."

"Amefikia kumwonea."

"Kumwonea nini?"

"Kinyaa."

"Soma yote pamoja, bibi. Sheria ni sheria."

"Mwombaji amefikia kumwonea kinyaa mjibu maombi."

"Sawasawa. Nukta."

Nikasoma ya tisa pia, mpaka mwisho, mpaka pale mwombaji anapoiomba mahakama ivunje ndoa. Sauti yangu ilikuwa shwari kabisa. Nilipomaliza nikaichukua kwake karatasi ya pili ya Kiingereza, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikasimama.

"Na muhuri?"

"Bado."

"Unakwenda wapi saa nne hii?"

"Kwa fundi."

*

Nikiwa ngazini nilimtumia ujumbe.

*Uko karakana?*

*Nipo. Kuna nini?*

*Nina barua yako.*

Simu ikaita papo hapo.

"Barua gani?"

"Ya wakili wako. Aya ya saba."

Nikasikia friji zikinguruma upande wake.

"Haloo?"

"Nipo," akasema.

"Usitoke hapo."

Nikakata. Ikaita tena, nikadhani ni yeye, kumbe Mzee Nukta. "Kamusi, umeondoka na karatasi! Madam amekuwa mbogo!" Nikazima kabisa. Nilitembea kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga upya. Mimi na maneno. Nilipofika nilikuwa sina hata moja.

Alikuwa amesimama katikati ya friji zake, nyingine hazina milango, mikono inaning'inia. Alikuwa amemwondoa mteja, maana kiti cha wateja kilikuwa bado na joto nilipokikalia. Nikatoa karatasi, nikamsomea kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili.

"Sikusema hivyo," akasema.

"Hujasaini?"

"Nimesaini."

"Ulisaini nini basi?"

"Kiingereza. Aliniambia ni yale yale niliyosema, ameyapanga tu."

"Jana ulinisikia. Nilikuuliza neno hili hili, jikoni kwako, ukanyamaza!"

"Ulipoanza nilishtuka. Halafu ukasema chuki, ukasema kinyaa. Nikajua si ya kwangu. Nikamwonea huruma mwanamke wa watu."

"Na mimi nilimwonea huruma," nikasema. "Kwa hiyo ulisema nini kwa wakili?"

"Nilisema nimechoka."

"Basi?"

"Nilisema hata mara tatu. Akacheka. Akasema kuchoka si sababu, mahakama ikiwaachanisha waliochoka haitabaki ndoa mjini. Akauliza, je, unamchukia?"

"Ukasema?"

"Nikanyamaza. Akaandika."

"Kwa nini hukusema hapana?"

Friji moja ilianza kunguruma, akanyoosha mkono akaizima.

"Nilichoka hata kusema hapana."

Hilo ndilo lililonichoma. Lile la Kiingereza lilikuwa la wakili, la watu waliosoma, unaweza kuliweka mbali ukaliangalia. Lakini hapana ni neno dogo. Mtu wangu alishindwa kulinyanyua kwa ajili yangu. Nikalia, palepale, mbele ya mafriji, na sikujifuta.

"Wataka tuachane?" nikamuuliza.

"Nilitaka kitu kiishe. Aliponiuliza kitu gani, aliyekuwa karibu ni wewe."

"Na ndala zangu? Hizo nazo wakili kazitunga?"

"Hizo nilizisema."

"Kwamba zinakuudhi."

"Nilisema nikizisikia koridoni zinakuja, mimi nainua kichwa. Halafu zinaingia chumba cha mama. Kila jioni. Zinakuja, zinaingia kule, mlango unafungwa. Nilisema hicho kinanichosha kuliko vyote."

Nikamwangalia. Miaka miwili nilikuwa najua anakaa kule jikoni ameinamia vyuma vyake. Sikuwahi kujua kwamba anainua kichwa.

"Na kitanda? Nakusimanga nacho?"

"Si unanisimanga?" Sasa sauti yake ilipanda kidogo, na nilifurahi kusikia kwamba bado ina pa kupandia. "Kila nikipita nakiona. Nakwambia tukitoe, unasema bado. Bado nini? Najua wewe ndiye uliyemwosha. Wewe ndiye uliyemlisha. Mimi nilikuwa nasikia unamgeuza, naongeza sauti ya redio. Unadhani sijui? Kile kitanda unaniwekea nikione!"

"Nakilalia."

"Nini?"

"Ninapoingia mle. Huwa nakilalia. Nusu saa, dakika ishirini."

"Unalalia kitanda cha marehemu?"

"Mama yako ndiye mtu wa mwisho kuniambia nipumzike ndani ya nyumba ile. Kila nikimaliza kumgeuza, hata siku ambazo hakunitambua vizuri, alisema, 'Asante, mwanangu. Nenda kapumzike.' Tangu amekufa hakuna mwingine aliyeniambia. Si wewe, si binti yako, si wageni waliokula msibani mpaka masufuria yakalia. Basi nikichoka naenda palepale aliponiambia. Ndiyo kusimanga kwangu huko."

Alikaa juu ya kreti la chuma, akaangalia mikono yake, akaanza kuifuta grisi kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa cheusi.

"Nilishindwa kuingia mle," akasema hatimaye. "Mama yangu mzazi. Nikakuachia wewe. Halafu nikaona haya. Halafu ile haya ikakaa, ikakaa, ikageuka..."

"Ikageuka nini?"

"Usinirekebishe."

"Sikurekebishi. Nauliza."

"Sina neno, Kamusi."

Jina hilo alikuwa ameacha kuniita. Lilibaki la ofisini. Nikakunja karatasi, nikairudisha mkobani, kwa sababu ilikuwa mali ya watu.

Msije mkadhani nilimsamehe hapo. Kusamehe nako kunataka mtu aliyelala vizuri. Nilimwambia tu, "Kama kuna kitu cha kumwambia wakili, mwambie kwa Kiswahili, na akuandikie kwa Kiswahili." Akasema sawa. Nikamwambia, "Na kitanda kitoke leo." Akaniangalia kujua kama namaanisha. Nilimaanisha.

*

Alifunga karakana saa nane mchana, jambo ambalo sijaliona tangu msiba. Alikuja na sanduku lake la vyuma. Nilimfungulia mlango wa kushoto, na kwa mara ya kwanza akaingia mpaka ndani. Alisimama. Akagusa foronya. Nilimwacha asimame.

"Huu mkono unakwama," akasema.

"Mara ya nne. Unaupiga kwa kiganja."

"Ulikuwa unaupiga kila siku?"

"Mara tano kwa siku."

"Na mimi ni fundi," akasema. "Nilikuwa pale jikoni, na mimi ni fundi."

Akapiga magoti, akaanza kufungua nati. Zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi azitie mafuta, angoje, ajaribu tena. Nikaja upande wa pili kumshikia ubao wa miguuni, kama nilivyozoea kushika kila kitu katika chumba kile.

"Acha," akasema.

"Utaanguka huu."

"Hauanguki. Acha." Akanyanyuka, akaniondoa mikono kwenye ubao, kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Asante. Kwa mama. Kwa yote ya mama. Nenda kapumzike, nitamaliza mwenyewe."

Nikaenda chumbani kwetu, kwenye kitanda chetu, nikajilaza na nguo zangu. Nyuma ya ukuta nilimsikia akigonga, akivuta, akiguna. Nati moja ilidondoka ikabingirika mbali. Sikusikia ya pili, usingizi ulikuwa umeshanichukua.

*

Asubuhi nilimrudishia Madam Mihuri karatasi yake na kumweleza yote, nimesimama.

"Kosa lako ni kuondoka na hati ya mteja," akasema. Akaandika kitu, akakifuta. "Hayo mengine si ya ofisi. Kaa chini, leo unaonekana umelala vizuri."

Mzee Nukta alisikia kupitia kioo. Alikuja mezani kwangu, akasimama bila kukaa.

"Mimi ndiye niliyekulazimisha urudie lile neno."

"Ulikuwa kazini, mzee."

"Nisamehe, bibi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaondoka bila kuongeza lile neno lake.

Wiki ya pili ikaja bahasha kutoka kwa wakili yule yule, majina yamefutwa, karatasi moja. Madam aliipeleka kwa Mzee Nukta bila kuniangalia. Aliitafsiri, akanikabidhi Kiingereza, tukasomeana.

"'Mwombaji anaondoa maombi yake mahakamani,'" akasoma, "'kwa kuwa yeye na mjibu maombi wamelifufua upya penzi lao, lenye mahaba mazito na ya dhati.'"

"Umesema nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Angalia."

Nikaangalia. Ndivyo ilivyoandikwa. Mahaba mazito kabisa, mistari miwili. Wakili yule Mungu amemnyima kipimo, chuki na mapenzi anavipakua kwa mwiko ule ule.

"Nipunguze?" Mzee Nukta akanong'ona.

"Hapana, mzee. Kilichoandikwa kimeandikwa. Nukta."

Akagonga meza kwa furaha. Mimi nikachukua simu.

*Wakili wako anasema tuna mahaba mazito na ya dhati.*

Jibu lilichelewa, nadhani alikuwa ndani ya friji ya mtu.

*Mimi nilimwambia tumepumzika kidogo.*

Halafu lingine:

*Ukija pitia mkate. Chai ishachemka nakungojea.*

Nilianza kuandika *imeshachemka*. Nikafuta. Nikaandika *Nakuja.*

Jioni nilivua viatu mlangoni, nikavaa ndala zangu, nikapita koridoni na mkate kwapani. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi, chumba kitupu, sakafuni zimebaki alama nne za miguu ya kitanda. Nikapitiliza.

"Nakusikia," akasema kutoka jikoni.